Jani bila mizani ni stori tu

Kila baada ya wiki chache lazima kuna video inazunguka kwa simu zenu. Msee ana chupa ya maji ya kijani ama ya kahawia, anasema ni majani ya nyumbani, anachovya msumari, anauinua mbele ya kamera, halafu chini anaandika: "Kitu wazungu hawataki ujue." Kufika jioni imeshewa mpaka na shangazi zenu kwa grupu ya familia. Mwisho mnaniletea mimi: "Manze, hii ni ukweli ama tunachezwa?"

Nawajibu wote hapa ndio nisirudie. Ni ukweli. Kuna mimea mingi ambayo maji yake yanazuia asidi isile chuma. Na hakuna mzungu ameficha hiyo kitu, imeandikwa kwa majarida ya sayansi tangu babu zetu wakiwa vijana. Shida yangu na hizo video ni nyingine kabisa: sijaona hata moja iliyo na mizani. Na bila mizani, jani ni stori tu. Stori inaleta laiki, lakini fundi hawezi kuitumia kazini, na wewe huwezi kuiuza.

Na kama kuna mji Kenya hii ulifaa kuelewa hiyo tofauti, ni Nakuru. Nitafika hapo. Kwanza tuelewane kuhusu asidi.

NANI ANAWEKA CHUMA KWA ASIDI?

Ukisikia asidi na chuma unaweza kufikiri ni mambo ya maabara ya fomu tatu. Wapi. Kabla chuma kipakwe zinki ndio kiwe mabati, lazima kwanza kioshwe kwa asidi kitolewe kutu na ile ngozi nyeusi inayobaki baada ya moto wa kiwandani. Bila hivyo zinki haishiki. Boila ya hospitali, ya hoteli, ya kiwanda cha chai ama cha maziwa, ikikaa sana inashika ukoko mweupe ndani, ule ule unaouona kwa birika ya nyumbani, na njia moja ya kawaida ya kuutoa ni kuzungusha asidi ndani ya mabomba. Visima vya mafuta navyo humwagiwa asidi ndio mwamba ufunguke. Na huku kwetu jua kali, fundi anayetaka kufufua kipuri kilichoshika kutu, ama kupaka kromu kwa rimu, anaanza na asidi.

Sasa asidi haijui kusimama. Inamaliza kutu, halafu inaendelea na chuma chenyewe. Yale mapovu unaona yakipanda ni gesi ya haidrojeni, yaani ushahidi kwamba chuma chako kinayeyuka. Hayo mapovu yanaleta hasara tatu. Moja, chuma kinapungua na asidi inaisha haraka, kwa hivyo fundi anarudi dukani kununua nyingine. Mbili, mapovu yakipasuka juu ya maji yanarusha vitone vidogo sana vya asidi hewani, na vitone hivyo vinaingia kwa mapafu na macho ya huyo fundi na kijana wake wa mkono. Tatu, sehemu ya hiyo haidrojeni inaingia ndani ya chuma na kukifanya kivunjike rahisi. Kwa springi na bolti ngumu hiyo ni noma, juu kitu kinakaa kizima kabisa mpaka siku kinakatika barabarani.

Kuna hasara ya nne, na hii ni yetu sote. Asidi ikichoka inamwagwa. Inashuka na chuma chote ilichokula, pamoja na zinki na kromu kama vilikuwepo. Hapa Nakuru maji yanateremka kuelekea ziwani, na Ziwa Nakuru halina mto wa kutoka. Linapokea tu. Maji yanaondoka kwa mvuke, metali zinabaki. Ziwa hilo ndilo la kwanza Kenya kuingizwa kwa orodha ya Ramsar ya ardhioevu muhimu duniani, mwaka 1990, na sisi tunalichukulia kama shimo la mwisho wa mtaro.

Kwa hivyo kwa viwanda vilivyojipanga, hawatumii asidi mtupu. Wanaitia dawa kidogo, kizuizi, ambacho kazi yake ni moja: asidi imalize kutu na ukoko, lakini ikifika kwa chuma ikute mlango umefungwa. Swali la video zenu ni kama jani linaweza kuwa hiyo dawa.

GARI IMEJAA

Linaweza, na sababu ni rahisi kuliko unavyodhani.

Chukua uso wa chuma kama matatu ya viti kumi na vinne iko steji. Asidi inataka kupanda, ikipanda inaondoka na kipande cha chuma. Sasa ndani ya mimea kuna molekuli kubwa kubwa, kwa mfano tanini, zenye oksijeni ama nitrojeni ama salfa, na nyingi zina umbo la pete. Hizo sehemu zina elektroni za kugawana na chuma, kwa hivyo molekuli inapenda kukaa juu ya chuma na kushikilia. Ukitia za kutosha, zinajaza viti. Asidi inafika inaambiwa gari imejaa.

Ukishaelewa hiyo matatu, unaelewa mambo matatu ambayo video hazisemi.

La kwanza, viti vina idadi. Vikijaa, hata uongeze maji ya majani mara mbili, hakuna kitu kinaongezeka. Unapoteza tu majani. Kwa hivyo kuna kipimo sahihi, na ni lazima mtu akitafute.

La pili, joto linashusha abiria. Kwa mimea mingi, molekuli zimekaa juu ya chuma kwa nguvu ndogo tu, na maji yakipashwa zinaachilia. Dawa inayofanya kazi poa saa nne asubuhi kwa ndoo baridi inaweza kulala kabisa kwa asidi moto.

La tatu, hakuna siku viti vyote vinajaa milele. Asidi bado inapata nafasi hapa na pale. Kizuizi kinapunguza kuliwa kwa chuma, hakimalizi. Na hakifanyi asidi kuwa salama kwa ngozi yako. Asidi yenye majani ndani bado ni asidi, bado itakutoboa macho. Msee yeyote anakwambia sasa unaweza kuingiza mkono ni adui yako.

HII KITU SI MPYA

Hii ndiyo sehemu inanikera kuhusu maneno ya "wazungu hawataki ujue". Kwa kweli wao ndio waliandika mapema. Tangu karne ya 19 Ulaya kuna viwanda vilikuwa vinatia molasi na mafuta ya mimea kwa asidi ya kuosha chuma. Miaka ya 1930 tayari kuna mimea ilikuwa inatumika kwa matangi ya asidi ya salfuriki.

Lakini mimea haikushinda. Kilichoshinda ni kemikali za kiwandani, na zingine zilikuwa sumu kabisa. Mwaka 1932, huko Michigan, Marekani, kampuni ya Dow ilipoanza kumwaga asidi kwa visima vya mafuta, dawa waliyotia ndio mabomba yasiliwe ilikuwa ya aseniki. Ndio, aseniki, sumu ya panya. Baadaye zikaja zingine kama alkoholi ya propagili, ambayo inafanya kazi vizuri kwa joto lakini ina sumu na inachoma ngozi.

Sasa jiulize. Kwa nini mtu achague aseniki na kuna majani? Si ujinga. Aseniki ilikuja na namba. Tia kiasi hiki kwa asidi ya nguvu hii, kwa joto hili, kwa saa hizi, na bomba lako litapoteza hivi. Mkopo wa mwezi huu na wa mwezi ujao ni sawa. Jani la msimu wa mvua na jani la kiangazi si sawa. Jani la Molo na jani la Naivasha si sawa. Mhandisi ana boila ya mamilioni, hatabet na jani ambalo hajui leo limeamkaje.

MTI ULIO HAPO NYUMA YA SHAMBA

Hata hivyo kuna mmea mmoja umepimwa, na uko hapa hapa kwetu. Mwati.

Kama umetoka Njoro, Molo, Elburgon ama upande wa Bahati unaujua, hata kama nyumbani mnauita muthanduku. Ule mti wa kuni, fito na makaa, wenye majani madogo madogo na gome linaloachia mkono rangi. Asili yake ni Australia, uliletwa na wakoloni. Halafu sasa cheki: jina lake la kisayansi, Acacia mearnsii, ni la Mmarekani, Edgar Mearns, aliyekuja Kenya na msafara wa Theodore Roosevelt mwaka 1909, na sampuli iliyotumiwa kuupa mti jina ilitoka kwa mti uliopandwa huku Kenya. Mti wa Australia, jina la Mmarekani, sampuli ya Kenya.

Gome lake likikauka, karibu theluthi moja ama zaidi ya uzito wake ni tanini. Ndiyo maana ulikuwa biashara kubwa. Kule Eldoret kulikuwa na kampuni ya East African Tanning Extract, EATEC, iliyokuwa na mashamba makubwa ya mwati Uasin Gishu na kiwanda cha kuchemsha magome, na tanini ilienda duniani kulainisha ngozi za viatu. Karibu mwaka 2000 hayo mashamba yakauzwa, na leo kwa watu wengi mwati ni kuni tu.

Duniani tanini hiyo inaitwa mimosa sokoni, na inauzwa mpaka leo. Watu wanaitumia kwa ngozi, kwa gundi ya mbao, kwa kutibu maji ya boila, na kwa dawa za kupaka juu ya kutu. Na kuhusu asidi, mwaka 2001 watafiti wa Zagreb, Kroatia, walichapisha kazi kuhusu vile tanini ya mimosa inazuia chuma kuliwa ndani ya asidi ya salfuriki. Zagreb, wasee. Huko mwati hauoti hata nyuma ya nyumba. Walinunua unga kwa mfuko, kwa sababu unga huo una kipimo kinachojulikana.

Hata jikoni mnaijua hii kemia bila kujua jina lake. Kata ndizi mbichi na kisu cha chuma cha kawaida, angalia vile kinageuka cheusi. Hiyo ni tanini imekutana na chuma. Lakini hapo ndipo video zinawashika. Mnaona msumari umekuwa mweusi na kupendeza, mnasema umelindwa. Weusi ni rangi. Rangi haikuambii umepoteza gramu ngapi.

Na tafadhali, hapa sisemi tukimbie kupanda mwati kila mahali. Mti huo uko kwa orodha ya viumbe vamizi 100 wabaya zaidi duniani. Afrika Kusini wanatumia pesa nyingi kuung'oa kando ya mito. Nasema tu kwamba iliyopo tayari inakatwa kila siku, na gome ndilo lenye thamani ambayo hatuitumii.

ASILIMIA 95 YA NINI?

Basi tufike kwa namba, juu hapa hata wasomi wana kesi ya kujibu.

Kipimo cha msingi ni rahisi mpaka kinaaibisha. Chukua vipande viwili vya chuma kimoja. Vipime uzito. Kimoja weka kwa asidi mtupu, kingine kwa asidi yenye dawa. Baada ya muda ule ule vitoe, vioshe, vikaushe, vipime tena. Tuseme kile cha kwanza kimepoteza gramu 2, cha pili gramu 0.2. Dawa imezuia gramu 1.8 kati ya 2, yaani asilimia 90. Hapo ndipo zile asilimia zote mnazosikia zinatoka.

Sasa umeona mtego? Asilimia 90 ya saa mbili si asilimia 90 ya siku tatu. Ya nyuzi 30 si ya nyuzi 60. Ya asidi nyepesi si ya ile nzito fundi ananunua kwa mtungi. Mtu akikwambia "asilimia 95" bila kukwambia asidi gani, nguvu gani, joto gani, muda gani, na gramu ngapi za dawa, hajakwambia kitu. Ni kama mtu akuambie anakimbia haraka sana bila kusema umbali wala muda.

Kuna maelfu ya karatasi za utafiti duniani kuhusu majani na asidi. Mwarobaini, papai, maganda ya machungwa, kahawa, chai, kila kitu. Nyingi zina ramani moja: jani moja, asidi moja, chuma kimoja, asilimia tisini na kitu, hitimisho kwamba ni rafiki wa mazingira, kwaheri. Hakuna anayesema yale maji yalianza kuvu siku ya ngapi. Hakuna anayesema kilo moja ya dawa itakuwa bei gani. Hakuna aliyelipeleka kwa fundi. Mimi niliacha chuo, kwa hivyo sina digrii ya kutetea wala ya kuonea wivu, na naona hivi: mwenye video anakomea kwa rangi, mwenye tasnifu anakomea kwa asilimia, na fundi kule Industrial Area bado anavuta ule mvuke.

Angalieni pia wale wanasema majani yetu yataokoa mabomba ya mvuke wa ardhini. Hapo juu yetu ni Menengai, na kituo cha kwanza cha umeme pale, cha megawati 35, kilianza kazi 2023. Mvuke wa chini ya Bonde la Ufa unakuja na gesi ya salfa, ile harufu ya mayai, na kaboni dayoksaidi, na ndiyo, vinakula chuma. Lakini visima vya Menengai vimefikia joto la zaidi ya nyuzi 300. Vipimo vingi vya majani vimefanywa kati ya nyuzi 25 na 60. Kumbuka ile matatu na abiria wanaoshuka kwa joto. Usimuuzie mtu ndoto ya kisima wakati hujajaribu hata ndoo.

NAKURU TULISHAFANYA HII KAZI

Sasa turudi kwa ile ahadi ya juu. Nakuru iliwahi kuuza maji ya mmea kwa dunia nzima, na iliuza kwa namba. Pareto.

Kwa miongo mingi Kenya ilitoa zaidi ya nusu ya pareto ya dunia, na kiwanda kilikuwa hapa hapa mjini. Ukiuliza wazee wa Molo ama Subukia watakuambia ada za shule zililipwa na yale maua meupe. Lakini shika hii: mkulima hakulipwa kwa urembo wa ua. Maua yalipelekwa maabara, yakapimwa yana pairethrini ngapi ndani, ile sumu ya wadudu yenyewe, na malipo yakafuata kipimo. Mnunuzi wa ng'ambo alipokea dawa yenye nguvu inayojulikana. Ndiyo maana alirudi mwaka uliofuata.

Najua ilivyoisha. Dawa za kiwandani zikaingia, usimamizi ukaharibika, wakulima wakakaa muda mrefu bila malipo, wengi wakang'oa. Hiyo ni mada ya siku ingine. Lakini ujuzi ulikuwepo: kukusanya mmea kutoka kwa wakulima wadogo, kuukausha, kuutoa dawa, kuupima, kuuza kwa namba. Hiyo ndiyo kazi kizuizi cha mmea kinahitaji, hatua kwa hatua.

Pareto inatufundisha kitu kingine pia. Ni ya asili asilimia mia, na inaua wadudu. Kwa hivyo mtu asiniambie "ni ya asili, haina madhara". Hata tanini ikimwagwa nyingi kwa mto inatumia oksijeni ya maji wakati inaoza, na samaki wanaumia. Asili si cheti cha usalama. Cheti ni kipimo.

SASA TUFANYE NINI?

Mimi naomba vitu vitatu, na hakuna hata kimoja kinahitaji bilioni.

Cha kwanza ni kwa wasomi na vyuo. Egerton iko Njoro, katikati ya mwati. Taasisi za ufundi ziko mjini. Badala ya jani la mia moja, chukueni gome moja, la mwati, mlimalize. Lipimeni la msimu wa mvua na la kiangazi. Lipimeni kwa asidi fundi anayotumia kweli, si ile safi ya chupa ya maabara. Lipimeni baada ya kukaa kwa mtungi mwezi mzima. Halafu andikeni ukurasa mmoja kwa Kiswahili: vijiko vingapi, lita ngapi, masaa mangapi, asidi ukimaliza unaipooza vipi kabla ya kuitoa. Fundi hatasoma kurasa 120, lakini ukurasa mmoja ataubandika ukutani.

Cha pili ni kwa kaunti na wenye viwanda. Nakuru ilipewa hadhi ya jiji Desemba 2021. Jiji linafaa kujua asidi yake inaenda wapi. Kabla ya dawa yoyote, ya jani ama ya kiwandani, fundi anahitaji glavu, miwani, mahali penye hewa, na mahali pa kupeleka asidi iliyochoka. Kizuizi kizuri kinapunguza mvuke na kinafanya asidi idumu, kwa hivyo inamwagwa kidogo. Hiyo ni pesa ya fundi na afya ya ziwa kwa pamoja. Lakini hakiwezi kuwa kisingizio cha kumnyima glavu.

Cha tatu ni kwenu nyinyi, wenye simu. Kama unataka kufanya video ya jani, ifanye, lakini ifanye na mizani. Huhitaji asidi kali, na tafadhali usiiguse. Siki ya dukani ni asidi nyepesi, inatosha kuanza. Tafuta misumari ya chuma cha kawaida, isiyopakwa zinki. Hesabu misumari kumi kumi kwa mitungi minne. Pima kila kikundi kwa mizani ya sonara, ile inaonyesha gramu mpaka sehemu mia, juu mizani ya unga haitaona tofauti. Mitungi miwili iwe siki na maji ya kawaida. Mingine miwili iwe siki na chai ya rangi iliyopoa, ama maji ya gome, kiasi sawa. Usifunike kwa nguvu, gesi itoke. Subiri wiki moja. Osha, futa mpaka pakauke, pima tena.

Kwa nini miwili miwili? Kwa sababu kama mitungi miwili inayofanana inatoa namba tofauti sana, basi hata tofauti kati ya jani na bila jani inaweza kuwa bahati tu. Hiyo sentensi moja ndiyo inatenganisha sayansi na mazingaombwe, na haikuhitaji mtu awe na kofia ya kuhitimu.

Na ukipata kwamba jani lako halijazuia kitu, posti hivyo hivyo. Video ya jani lililofeli ina faida kuliko video kumi za misumari mieusi, kwa sababu inamwokoa msee mwingine asipoteze wiki yake na pesa yake. Nitumieni zenu, na gramu zikiwa zimeandikwa: kabla, baada, siku ngapi. Nitazishea zote, zilizofaulu na zilizofeli, kwa posti moja. Zisizo na gramu, mniwie radhi, nitapita nazo tu.